Mkanda Usiopiga Kelele

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo na wanachama wa kikundi kimoja cha wakulima wenye gari lao. Tumeyaandika hapa ili vikundi vingine navyo vifaidike.



Mlituita tuje tuzungumze juu ya kutunza daftari la kikundi. Tulipofika tukaliona gari lenu chini ya mwembe. Limeoshwa, linang'aa. Tukamwuliza dereva: "Ndugu, mkanda wa taimingi wa gari hili ulibadilishwa lini?" Dereva akatazama chini. Mweka hazina akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akacheka kidogo. Basi, tukaona kwamba mazungumzo ya leo ni ya mkanda huo. Nayo ni mazungumzo ya daftari vilevile, kama mtakavyoona.

GARI LA WENZETU

Kuna kijiji kimoja, hatutakitaja jina, ambacho kikundi chake kilinunua basi dogo la dizeli lililokwisha tumika. Walichanga kwa misimu mitatu ya vitunguu. Gari likaanza kazi. Asubuhi linapeleka abiria na mizigo mjini, jioni linarudi. Usiku mgonjwa akizidiwa, gari hilo hilo linampeleka hospitali.

Siku moja taa ndogo iliwaka mbele ya dereva. Taa hiyo ina maandishi: T-BELT. Dereva alikuwa amehitimu kisomo. Alisoma vizuri, akaelewa kuwa ni habari ya mkanda. Akamwambia mweka hazina, mweka hazina akatoa pesa, ukanunuliwa mkanda wa feni. Ukafungwa. Taa haikuzimika. Wakampitia fundi mmoja wa barabarani. Yeye akafungua dashibodi, akagusa kitu, taa ikazimika. Wote wakafurahi. Gari likaendelea na safari.

Miezi michache baadaye sisi wenyewe tulikuwemo ndani ya gari hilo, tunapeleka vitabu vya kisomo. Tulikuwa tunapanda mlima, abiria wamejaa na magunia yako juu. Ghafla tukasikia "tak", kisha kimya. Hapakuwa na moshi wala harufu. Dereva akapiga stata. Injini ikazunguka laini, tena upesi kuliko kawaida, lakini haikuwaka. Akapiga tena na tena. Sisi abiria tukashuka, tukasukuma. Tulidhani tunasaidia, kumbe tunaharibu.

Fundi alipofungua alikuta mkanda wa taimingi umekatika, valvu zimepinda, na pistoni moja imepigwa kichwani. Gari lililala wiki saba. Bei ya mkanda na kazi ya kuufunga vingelipwa kwa mapato ya siku chache. Kuifufua injini kulimeza mapato ya msimu mzima.

Lakini jamani, hasara ya pesa si ndiyo kubwa. Katika wiki zile saba, mama mmoja alishikwa na uchungu usiku. Alipakiwa kwenye bodaboda, mumewe kamshika kwa nyuma. Alijifungulia njiani, kwa mwanga wa tochi ya simu. Tunashukuru mama na mtoto ni wazima. Lakini bibi wa mtoto yule alituuliza swali moja ambalo bado tunalo: "Nyinyi wasomi mlikuwa mnapanda gari letu kila mwezi. Hamkuliona?"

Ndugu zetu, hatukuliona. Tena kosa letu ni kubwa zaidi. Sisi ndio tuliowafundisha wale kutunza daftari. Tuliwachorea safu ya pesa zinazoingia na safu ya pesa zinazotoka. Hatukuwachorea ukurasa hata mmoja wa gari lenyewe. Kwa hiyo leo hatuji kuwalaumu watu. Tumekuja kulipa deni.

MKANDA HUU UNA KAZI GANI?

Akina mama hapa wanajua kutwanga wawili katika kinu kimoja. Mchi wa huyu unapanda, wa yule unashuka. Kinachowaongoza ni wimbo. Wimbo ukienda sawa, michi haigusani. Wimbo ukikatika, michi inagongana. Si ndivyo?

Basi injini nayo ni kinu. Ndani yake mna pistoni zinazopanda na kushuka. Juu yake mna valvu, yaani vilango vidogo vya chuma. Valvu nyingine hufunguka kuingiza hewa, nyingine hufunguka kutoa moshi. Pistoni zimeshikwa na mhimili wa chini unaoitwa krenki. Valvu zinasukumwa na mhimili wa juu unaoitwa kemshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti inazunguka mara moja. Sharti iwe hivyo daima, bila kukosea hata jino moja.

Mkanda wa taimingi ndio wimbo wenyewe. Umefunga krenki na kemshafti pamoja. Ni wa mpira, ndani una nyuzi ngumu, na upande mmoja una meno ili usiteleze. Katika injini nyingi za dizeli, mkanda huo huo unazungusha pia pampu ya dizeli.

Tupige hesabu kidogo. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kemshafti inazunguka mara 1,500. Gawanyeni kwa sekunde 60: ni mara 25. Yaani kwa sekunde moja, kila valvu imefunguka na kufungwa mara 25. Sasa mkanda ukikatika hapo, kemshafti inasimama. Valvu zilizokuwa wazi zinabaki zimening'inia. Krenki bado inazunguka kwa nguvu ya gari, pistoni zinapanda, zinazikuta njiani. Michi imegongana kinuni.

Ziko injini chache zilizoachiwa nafasi, ambazo mkanda ukikatika gari linasimama tu bila valvu kupinda. Injini nyingi za dizeli hazina nafasi hiyo. Msitegemee bahati.

TUSICHANGANYE MIKANDA

Mkanda wa feni uko nje. Ukifungua boneti unauona. Ukilegea unalia "kwii", kila mtu anasikia. Ukikatika, unanunua mwingine na kuendelea na safari.

Mkanda wa taimingi uko ndani, umefunikwa kwa kifuniko mbele ya injini. Huuoni. Aghalabu haulii. Unaweza kuvuta vizuri leo asubuhi, na mchana ukakatika. Dereva hodari mwenye masikio mazuri anaweza kusikia beringi ikiisha au valvu ikigonga. Lakini mkanda uliochoka hausikii. Sikio halimsaidii hapa. Kitakachomsaidia ni maandishi.

Na ile taa ya T-BELT? Iko katika magari mengi ya Toyota ya dizeli. Tuielewe vizuri. Taa ile haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu. Kilomita zikifika idadi iliyowekwa, inawaka. Mkanda ukibadilishwa, fundi huirudisha ili ianze kuhesabu upya. Akiizima bila kubadilisha mkanda, ametuzima sisi macho. Na gari lisilo na taa hiyo halina wa kulikumbusha isipokuwa daftari.

Si kila gari lina mkanda huu. Mengine yana cheni mahali pake. Kwa mfano, injini ya 1NZ iliyo katika Probox nyingi ina cheni. Injini za dizeli za 3L na 5L, ambazo tunaziona katika Hiace na Hilux nyingi, zina mkanda. Aina ya injini huandikwa kwenye kibati cha gari. Kazi ya kwanza ya kikundi: someni kibati chenu, mwandike aina ya injini, kisha mwulize fundi, "Hii ni ya mkanda au ya cheni?"

MKANDA UBADILISHWE LINI?

Kwa injini nyingi, kitabu cha gari husema kila kilomita 100,000. Nyingine huwekewa kilomita nyingi zaidi, nyingine chache zaidi. Fuateni kitabu cha gari lenu. Makampuni mengi hutaja na miaka pia, maana mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Kati ya kilomita na miaka, kinachotangulia ndicho kifuatwe. Na oili ikivujia mkanda, au maji yakiumwagikia, msingoje hata kilomita moja. Oili inakula mpira.

Tuchukue mfano. Mkanda ulifungwa gari likiwa na kilomita 96,200. Leo dashibodi inasoma 187,400. Gari limekwenda kilomita ngapi na mkanda huo?

187,400 toa 96,200 ni 91,200.

Tunaruhusiwa kilomita 100,000. Zimebaki ngapi?

100,000 toa 91,200 ni 8,800.

Gari linakwenda mjini na kurudi, kilomita 120 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni kilomita 720 kwa wiki. Gawanyeni 8,800 kwa 720. Ni wiki 12 na kidogo. Mnaona? Sasa mweka hazina anajua kwamba kabla ya miezi mitatu kwisha lazima pesa ya mkanda iwepo. Hakuna wa kushtuka. Anatenga kidogo kila wiki, kama anavyotenga pesa ya mbolea.

Na kama gari limenunuliwa likiwa limetumika, na hakuna anayejua mkanda ni wa lini? Kwanza fungueni boneti mtazame. Magari yaliyotoka Japani mara nyingine yana kikaratasi kilichobandikwa karibu na injini, kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa kilomita ngapi na tarehe gani. Herufi za Kijapani hatuzisomi, lakini tarakimu tunazisoma. Msishangae mkiona mwaka umeandikwa 15. Wajapani huhesabu pia miaka kwa zama za mfalme wao. Mwaka 15 wa zama za Heisei ni mwaka 2003. Msipokiona kikaratasi, au mkikitilia shaka, msibahatishe. Badilisheni mkanda, kisha anzeni hesabu yenu wenyewe siku hiyo.

SIKU YA KUBADILISHA

Hatuwafundishi leo kuwa mafundi. Kazi hii ni ya fundi mwenye vifaa na mwenye kitabu cha injini hiyo. Lakini mwenye mali hana budi kujua kazi inavyokwenda, ili ajue la kuuliza. Mpelekeni dereva pamoja na mjumbe mmoja wa kamati. Wasimame, watazame.

Kwanza, injini iwe imepoa, na waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

Pili, fundi anaondoa mikanda ya nje, puli ya krenki na kifuniko. Mkanda wa taimingi unaonekana.

Tatu, anazungusha krenki taratibu kwa spana mpaka alama zikae mahali pake. Kila puli ina alama yake, nayo injini ina alama zake. Katika injini kama 5L zitazamwe alama tatu: ya krenki, ya kemshafti na ya pampu ya dizeli. Hapa ndipo penye roho ya kazi. Fundi mzuri hafungui mkanda kabla hajaziona alama zote. Wengi hupiga picha kwa simu. Ni jambo zuri.

Nne, analegeza tenshena, yaani kile kigurudumu kinachokaza mkanda, kisha anautoa mkanda wa zamani. Mkanda ukishatoka, asizungushe mihimili ovyo.

Tano, anakagua. Tenshena izungushwe kwa mkono. Ikikwaruza au ikiyumba, ibadilishwe. Sili za oili zitazamwe kama zinavuja. Katika injini ambazo mkanda huu unazungusha pampu ya maji, pampu nayo ibadilishwe ikiwa imechoka. Kufungua mara ya pili kwa ajili ya pampu ni kulipa kazi moja mara mbili.

Sita, anafunga mkanda mpya. Mkanda mpya haukunjwi, haupinduliwi ndani nje, wala haupakwi oili au grisi. Ukiwa na mshale, mshale ufuate upande injini inakozungukia. Kisha unakazwa kwa kadiri kitabu kinavyosema. Ukilegea utaruka meno. Ukikazwa mno utakula beringi.

Saba, anazungusha krenki kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili mizima. Alama zote zirudi mahali pake. Zisiporudi, aanze upya. Pakiwa pazito wakati wa kuzungusha, asilazimishe. Ndugu dereva, hapa usione haya kusema, "Fundi, naomba nizione alama." Asikubali kupiga stata kabla ya jambo hili.

Nane, kifuniko na mikanda ya nje vinarudishwa, taa ya T-BELT inarudishwa, injini inawashwa.

Mkumbuke kuomba mkanda wa zamani. Rudini nao nyumbani. Aliyetoa pesa na auone kwa macho yake. Na mkanda mpya nunueni kwenye duka mnaloliamini, wenye namba inayolingana na injini yenu, mwombe risiti. Mkanda wa bandia unaonekana mzuri siku ya kwanza tu.

Na ikitokea umekatika njiani, injini ikazimika ghafla na stata ikazunguka laini kupita kawaida, basi acheni. Msipige stata tena, msisukume gari ili liwake. Livuteni mpaka kwa fundi.

UKURASA WA GARI

Sasa tufungue daftari. Ukurasa wa mwisho, chora safu tano: Tarehe. Kilomita. Kazi iliyofanyika. Jina la fundi. Kilomita za kubadilisha tena. Chini ya safu hizo andika oili, chujio, breki na mkanda. Kila Jumamosi dereva asome kilomita kwenye dashibodi, katibu aandike. Ni kazi ya dakika mbili. Kisha andikeni kilomita za mkanda kwenye kipande cha plasta, mkibandike karibu na usukani. Dereva akibadilika, karatasi inabaki. Mwenyekiti akibadilika, daftari linabaki.

Mzee mmoja hapa ametuambia, "Mimi gari langu nalijua kwa kichwa." Mzee wetu, tunakuheshimu. Lakini gari hili si la mtu mmoja. Gari la watu thelathini haliwezi kukaa katika kichwa cha mtu mmoja. Siku akisafiri, kichwa kimesafiri naye.

Mlipoanza kisomo wengine waliuliza: kusoma kutatusaidia nini sisi wakulima? Hili ni jibu mojawapo. Gari letu lina kitu ambacho jicho halikioni na sikio halikisikii. Kalamu pekee ndiyo inayokijua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu hauonekani, kwa hiyo tuuandike.

Tulipomaliza kusema hayo, mweka hazina alisimama bila kuambiwa, akaenda garini na daftari lake. Akarudi na namba sita. Tumeziandika pamoja ubaoni. Na kwa kuwa hakuna anayejua mkanda ule ni wa lini, mkutano umekubaliana kwamba gari lisiende safari ndefu mpaka mkanda ubadilishwe, na mgao wa pesa ungoje mwezi ujao. Wengine walinung'unika. Ndiyo haki yao. Lakini mama mmoja alisema, "Afadhali ningoje mgao kuliko kungoja gari usiku." Hapakuwa na la kuongeza.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini taa ya T-BELT iliendelea kuwaka baada ya mkanda wa feni kubadilishwa?

2. Gari lilifungwa mkanda mpya likiwa na kilomita 142,300. Sasa linasoma 215,800. Limekwenda kilomita ngapi? Zimebaki ngapi kufika 100,000?

3. Ni akina nani waliokosea katika kisa cha gari la wenzetu? Kila mmoja alipaswa kufanya nini?

4. Je, kijijini kwenu kuna mashine au chombo kingine ambacho hakina ukurasa wake katika daftari? Mtaanza kuuandika lini, na nani atauandika?